Kanda za Zamani na Vioo Vipya: Namna ya Kupata Picha Safi ya Video Katika Televisheni ya Kisasa

Si ajabu, katika nyumba za Bwejuu na vijiji vingine vya pwani ya mashariki ya Unguja, kukuta kanda za video zilizopangwa juu ya kabati au kufungiwa ndani ya sanduku la nguo. Ndani yake mna harusi, maulidi, michezo ya shule, na nyuso za wazee ambao wengi wao wamekwisha kufariki dunia. Mwenye kanda akibahatika kupata deki nzima na kuiunganisha na televisheni bapa aliyoinunua mjini, aghalabu huvunjika moyo. Bibi harusi ameonekana mnene kuliko alivyokuwa. Mikono ya wapiga matari ina meno kama ya kitana. Weusi wa buibui umegeuka kijivu. Na chini ya picha upo utepe unaochezacheza. Hapo hukata shauri kwamba kanda imekufa.

Mara nyingi kanda haijafa. Picha ile ilitengenezwa kwa ajili ya chombo cha namna nyingine kabisa, na kila moja ya kasoro hizo nne ina sababu yake ya kifizikia, ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuielewa na hata kuipigia hesabu. Ni vema aielewe mapema, maana muda si mwingi. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za aina ya VHS, iliacha kazi hiyo mwezi Julai 2016, karibu miaka 40 tangu VHS ilipoanza mwaka 1976. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa tahadhari kwamba vyombo vya kuchezea kanda za sumaku vinatoweka duniani, ikautaja mwaka 2025 kuwa ndio ukingo ambao baada yake kuzinakili kanda hizo kutakuwa kugumu sana. Kwa hiyo yafaa kila kanda ihesabiwe kuwa imebakiwa na mchezo mmoja tu, na mchezo huo uwe ndio wa kuinakili.

Visiwa vyetu vina hazina ya kanda kwa sababu ya historia yake. Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, takriban miaka 20 kabla ya Tanzania Bara, ambako matangazo ya televisheni yalianza mwaka 1994. Tena jamaa waliokuwa Oman na Dubai walirudi na deki na kamera.

Jinsi picha ilivyoandikwa

Televisheni ya zamani, ile inayoitwa mitaani televisheni ya chogo kwa sababu ya mgongo wake uliochomoza, haikuonyesha picha nzima kwa mara moja. Mwale wa elektroni ulitoka nyuma ya bomba la kioo, ukapiga utando wa unga unaong'aa, ukachora mstari mmoja baada ya mwingine, kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini, mfano wa jicho linalosoma ukurasa wa kitabu. Katika mfumo wa PAL, ambao ulibuniwa na Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken ya Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ambao ndio uliotumika Zanzibar, Kenya, Oman na Uingereza, picha moja ina mistari 625, na picha 25 huchorwa kila sekunde. Mistari 576 tu ndiyo inayobeba picha. Iliyosalia ni ya kuupa mwale nafasi ya kurudi juu.

Picha 25 kwa sekunde hazilitoshi jicho, kwani kioo kingekuwa kikipepesa na kuchosha. Wahandisi wa miaka ya 1930 walitafuta hila. Walichora kwanza mistari ya 1, 3, 5 na kuendelea. Kisha wakarudi juu na kuchora ya 2, 4, 6. Kioo kikawa kinawaka mara 50 kwa sekunde, na hali habari inayosafirishwa haikuongezeka. Kila zamu moja tutaiita nusu-picha. Msomaji ashike neno moja hapa, kwa sababu ndipo penye mzizi wa matatizo mengi yajayo: kamera nayo ilizinasa nusu-picha hizo mbili katika nyakati mbili tofauti, zilizoachana kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde.

Deki ya VHS huandika nusu-picha hizo katika kanda yenye upana wa milimita 12.7. Kanda yenyewe hutambaa polepole sana, milimita 23.39 tu kwa sekunde. Lakini vichwa viwili vya sumaku vimefungwa katika silinda yenye kipenyo cha milimita 62 inayozunguka mara 25 kwa sekunde, nayo imelazwa kishazari, hata kila kichwa kikipita huacha mchirizi mmoja wa mshazari wenye nusu-picha moja. Zidisha 3.14 kwa 62 kwa 25, toa mwendo wa kanda yenyewe, utapata kasi ya takriban mita 4.85 kwa sekunde. Kila mchirizi una urefu wa milimita 97 na upana wa sehemu 49 za elfu ya milimita, ambao ni mwembamba kuliko unywele. Katika kanda ya saa tatu, michirizi yote ikiunganishwa ingefika kilomita 52, ambazo ni karibu sawa na njia ya gari kutoka Bwejuu kupitia Paje, Jozani na Tunguu hadi Mji Mkongwe. Si kazi ndogo kwa chombo kilichouzwa madukani pamoja na pasi na mafeni!

Sasa tuulize: picha hiyo ina undani kiasi gani? Kila mstari huchukua mikrosekunde 64, na katika hizo 52 ndizo za picha. VHS huweza kubeba mabadiliko ya mwanga hadi kiasi cha megahezi 3, yaani mawimbi milioni 3 kwa sekunde. Katika mikrosekunde 52 hupita mawimbi 156, na kwa kuwa kila wimbi lina mlima na bonde, twapata vidoa 312 vya nuru na kivuli kutoka ukingo hadi ukingo. Basi! Rangi ndiyo maskini zaidi, kwani imepewa karibu nusu megahezi tu, sawa na vidoa 50 hivi. Ndiyo sababu wekundu wa kanga humwagika nje ya mpaka wa kanga. Kioo cha kisasa cha kawaida kina pikseli 1,920 kwa upana. Mtu asitazamie miujiza. Lakini pia asikubali kupewa chini ya vidoa 312 alivyo navyo, na hivyo ndivyo inavyotokea kila siku.

Kabla ya kuitia kanda katika deki

Hewa ya pwani ina unyevunyevu na chumvi. Unyevunyevu huotesha kuvu kwenye kingo za kanda, na chumvi hula vyuma vya deki. Tazama kanda kupitia kidirisha chake katika mwanga mzuri. Ukiona unga mweupe au wa kijivu juu ya mzingo, usiichezeshe. Itaziba kichwa, na deki itaambukiza kila kanda itakayofuata. Kanda ya namna hiyo yataka fundi wa kuifungua na kuisafisha ikiwa kavu, naye afunike pua na mdomo.

Kanda isiyo na kuvu ipelekwe mbele mpaka mwisho kisha irudishwe, ili mvutano wake usawazike. Vichwa visafishwe kwa spiriti safi ya kusafishia vyombo vya umeme. Deki iliyotoka katika chumba chenye kiyoyozi iachwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa, maana umande hutua juu ya silinda na kanda hunata. Na mtu asianike kanda juani kwa nia ya kuikausha, kwa sababu plastiki hupindika, na picha iliyopindika haina dawa.

Umbo, meno na wakati

Kasoro nyepesi kuliko zote ni ya unene. Picha ya zamani ina uwiano wa 4 kwa 3. Kioo cha leo kina uwiano wa 16 kwa 9. Televisheni ikiinyoosha picha ijaze kioo, kila kitu huongezeka upana kwa theluthi moja. Kipimo kizuri ni tari lenyewe: mpigaji akilielekeza kwa kamera, mdomo wake lazima uwe duara. Ukionekana kama yai, ingia katika mipangilio ya televisheni uchague 4:3, uvumilie pande mbili nyeusi. Wapo wanaokata juu na chini ili picha ijae, wakawakata watu vichwa. Sioni faida yake. Upo pia mtego wa pili katika kompyuta. Picha ya PAL iliyonakiliwa huwa na pikseli 720 kwa 576, na 720 gawanya kwa 576 si 4 gawanya kwa 3. Pikseli zake si za mraba, hivyo wakati wa kuonyeshwa lazima zitanuliwe ziwe sawa na 768 kwa 576. Programu isiyoambiwa hivyo itawakondesha watu, kinyume cha televisheni iliyowanenepesha.

Meno ya kitana ndiyo yenye fizikia tamu. Tuchukue mpiga tari anayepitisha mkono kutoka upande mmoja wa picha hadi wa pili kwa sekunde 2. Katika muda huo hupita nusu-picha 100. Upana ni pikseli 720. Kwa hiyo kati ya nusu-picha moja na inayofuata mkono umesogea pikseli 7.2. Televisheni ya chogo haikupata taabu, kwa kuwa ilizichora kwa zamu, kila moja kwa wakati wake. Kioo cha kisasa hakina zamu, nacho huonyesha mistari yote ya picha kwa pamoja. Nusu-picha mbili zikifumwa kuwa picha moja, mistari ya witiri itauonyesha mkono mahali pamoja na ya shufwa mahali pengine, na ukingo wake utatoka meno yenye urefu wa pikseli saba.

Zipo njia tatu za kulitatua jambo hili. Ya kwanza ni kuyaacha meno. Ya pili, inayotumiwa na wavivu, ni kuitupa nusu-picha moja katika kila mbili. Meno hutoweka, lakini umetupa nusu ya mistari na nusu ya mwendo, na ngoma iliyokuwa laini huwa ya kukatikakatika. Ya tatu, ambayo ndiyo sahihi, ni kuifanya kila nusu-picha iwe picha kamili kwa kukadiria mistari inayokosekana. Mahali palipotulia, kama ukuta au jamvi, programu huazima mistari kutoka nusu-picha ya jirani. Mahali penye mwendo, hukadiria kutokana na mistari ya juu na ya chini. Matokeo yawe picha 50 kwa sekunde, wala si 25. Programu ya VLC, ambayo hupatikana bure, hufanya kazi hii wakati wa kutazama ikiwa imewashwa katika mipangilio yake ya video. FFmpeg, nayo ya bure, huifanya wakati wa kunakili kwa kichujio kiitwacho bwdif. Kuna maonyo mawili. Ukikosea mpangilio wa nusu-picha ipi ni ya kwanza, mchezaji ataonekana akienda hatua mbili mbele na moja nyuma, akitetemeka. Na usibadilishe kamwe ukubwa wa picha kabla ya kuondoa meno, kwa sababu mistari ya nyakati mbili itachanganyika, na ikishachanganyika hakuna wa kuitenganisha.

Kasoro ya wakati haionekani kwa urahisi, lakini ndiyo inayoharibu nakala nyingi. Kila mstari ulitakiwa uchukue mikrosekunde 64 kamili. Kanda ni plastiki. Hunyumbuka, na deki nayo ina mitetemo yake. Mstari mmoja huanza mapema kidogo, mwingine huchelewa. Kosa la mikrosekunde 1 tu ni sawa na pikseli 14 hivi kwa upande, ndiyo maana nguzo ya mlango huonekana ikijipinda kama mnazi wenye upepo. Televisheni ya chogo iliufuata mstari popote ulipokwenda. Chombo cha kugeuza picha kuwa ya dijitali kina saa ngumu isiyosamehe. Kikikosa kuelewa mstari umeanza wapi, huiacha picha nzima, na baada ya nusu saa sauti imeachana na midomo. Dawa yake ni kifaa chenye kumbukumbu, kinachoipokea mistari jinsi inavyokuja, kikaiweka kwa muda mfupi, kisha kikaiachia kwa mwendo wa saa iliyo sawa. Baadhi ya deki bora za S-VHS zilitengenezwa nacho ndani. Asiyeipata deki ya namna hiyo aweza kuipitisha picha katika mashine ya zamani ya kurekodi DVD, si kwa kurekodi bali kwa kupita tu. Baadhi ya mashine hizo huinyoosha mistari vizuri.

Waya nao una neno. VHS huandika mwanga na rangi mbali mbali katika kanda. Plagi ya njano huvichanganya, na chombo kinachopokea hulazimika kuvitenganisha tena, kazi ambayo haifanyiki bila hasara. Deki ikiwa na tundu la S-Video, litumiwe hilo. Waya wa antena ndio duni kuliko zote. Licha ya kuichafua picha, huleta mgogoro wa sauti, kwani mawimbi ya TVZ yaliiweka sauti umbali wa megahezi 6 kutoka kwenye picha, hali vyombo vingi vya Ghuba viliiweka kwenye 5.5.

Utepe unaochezacheza chini ya picha si ugonjwa. Ni mistari michache ya mwisho ambapo kichwa kimoja cha silinda kinampokeza mwenziwe. Ulikuwapo siku zote. Televisheni ya chogo iliuficha nyuma ya fremu yake. Funika mistari hiyo kwa weusi. Ama weusi wa buibui uliopauka, sababu yake ni hesabu: katika video nyeusi hupewa namba 16 na nyeupe 235, na kompyuta nyingi hudhani nyeusi ni 0 na nyeupe 255. Programu ikiambiwa kwamba namba ni za televisheni, buibui hurudi kuwa jeusi.

Kanda iliyotumwa na jamaa wa Marekani au Kanada ni mfumo mwingine, NTSC, wenye mistari 525 na nusu-picha karibu 60 kwa sekunde. Deki za mifumo mingi zilizouzwa katika Ghuba huweza kuzichezesha, lakini nyingi hutoa ishara ya mchanganyiko iliyokusudiwa televisheni tu, ambayo chombo cha kunakili hukataa au huionyesha bila rangi. Deki ipangwe kutoa NTSC yenyewe, na chombo cha kunakili kiambiwe hivyo. Hakuna haja ya kuigeuza iwe PAL. Vioo vya leo huonyesha zote mbili.

Nakala ya kwanza, na mapambo

Nakala ya kwanza iwe ghafi, yenye meno yake na utepe wake, bila kubanwa kwa kupoteza. Ukubwa wake waogofya kidogo: pikseli 720 kwa 576, baiti 2 kila moja, mara 25 kwa sekunde, ni baiti milioni 20.7 kwa sekunde, au gigabaiti 75 kwa saa. Mtindo wa FFV1, unaotumiwa na hifadhi za nyaraka katika nchi mbalimbali, hupunguza kiasi hicho sana bila kupoteza hata namba moja. Kutoka katika nakala hii ndipo zitengenezwe nyingine ndogo za kugawiana kwa simu. Mafundi wa mjini wanaotoa faili ndogo moja kwa moja wana bei nafuu. Lakini mwombe pia faili ghafi, na uje na diski yako.

Siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazodai kuifanya picha ya VHS iwe kali kama ya leo. Tukumbuke hesabu yetu: vidoa 312 haviwezi kuzaa 3,840 isipokuwa kwa kubuni. Programu imeona mamilioni ya nyuso za watu wengine, nayo huchora jicho na kope zinazoelekea kufaa. Kwa filamu ya mapigano hayo yaweza kuwa burudani. Kwa sura ya bibi yako mzaa mama ni uzushi, na mjukuu ambaye hakumwahi hana njia ya kujua. Atakayeitumia na aandike hivyo juu ya nakala, na asiguse nakala ghafi. Kadhalika televisheni yenyewe ina kitufe cha kuongeza ukali wa picha, nacho kwa kanda za zamani kirudishwe chini kabisa, kwa kuwa kinachokolezwa ni chengachenga tu.

Walimu wa fizikia waweza kuwapa wanafunzi kazi hizi. Ikiwa kanda ya NTSC hutambaa milimita 33.35 kwa sekunde na silinda ileile huzunguka mara 30 kwa sekunde, kasi ya kichwa ni ngapi? Kidoa kimoja kati ya vile 312 huchukua pikseli ngapi katika picha ya 4:3 iliyojaa kimo cha kioo chenye mistari 1,080? Mashua inavuka picha kwa sekunde 20: meno yake yatakuwa na urefu gani, na je, mtazamaji aliyekaa mita tatu kutoka kwenye kioo chenye upana wa mita moja atayaona?